Ombi la Kuisimamisha Ndege Namba Nne Hewani Mpaka Nimalize Kuhesabu

Kwa: Kamanda, Kikosi cha Ndege za Maonyesho, Jeshi la Anga
Kutoka kwa: Mpiga picha, studio iliyo ubavuni mwa kinyozi

Mheshimiwa Kamanda,

YAH: UTOVU WA ADABU WA NDEGE ZAKO MBELE YA KAMERA

Natumaini barua hii inakukuta u mzima na umekaa kitako, maana mimi nakuandikia nikiwa nimesimama kwa hasira. Mke wangu amesoma rasimu ya kwanza akanishauri niondoe maneno mawili. Nimeyaondoa, ingawa bado nayaamini.

Mimi ni mpiga picha wa studio. Napiga picha za pasipoti, za harusi, za watoto wachanga, na za wale wanaopenda kuonekana wakiongea na simu ya mezani ambayo haijaunganishwa popote. Ukoo wetu mzima umepita mbele ya kamera yangu. Mama yangu mzazi, ambaye siku hizi hatoki chumbani kwa sababu ya miguu, ana ukuta mkabala na kitanda chake, na juu ya ukuta huo ametundika picha za wajukuu wake. Sheria ya ukuta kaitunga mwenyewe: kila mjukuu awe kazini. Yupo muuguzi akimfunga mtu bendeji. Yupo mwalimu na chaki yake. Yupo wa posta akigonga muhuri, na fundi wa kuchomelea ambaye haonekani uso kwa cheche, lakini Mama anasema cheche zenyewe ni za kwetu. Imebaki nafasi moja katikati, na msumari umeshapigwa.

Nafasi hiyo ni ya binti wa dada yangu. Wewe unamjua kama rubani wa Ndege Namba Nne. Nyumbani tunamwita Kiguu na Njia, jina alilolipata kabla meno yake hayajaisha kuota, kwa sababu hakuwa mtoto wa kukaa mahali.

Sasa, Mheshimiwa, Mama anaugua presha ya macho. Daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba alichokwisha kupoteza hakirudi, na kilichobaki kinapungua. Anataka kumwona mjukuu wake kazini wakati bado anaona. Tulimpelekea picha ya mpwa wangu amesimama kando ya ndege, kofia kwapani, anacheka vizuri kabisa. Akairudisha. Alisema, "Hii ni picha ya mtu aliyesimama karibu na ndege. Hata mimi mkinibeba naweza kusimama karibu na ndege." Tangu hapo ameanza kuwauliza wageni, kwa sauti ya chini inayosikika mpaka jikoni, kama kweli mtoto anarusha ndege au anawapikia wanaorusha.

Ndiyo maana nimehudhuria maonyesho yako yote, jua na mvua, na yote nimerudi mikono mitupu. Kosa si langu. Nimeyapa malalamiko yangu namba kwa kuwa nimeona mnazipenda, mpaka mnawaita watu kwa namba.

1. Ndege zako hazisubiri kuhesabiwa.

Kila mtu niliyewahi kumpiga picha anaujua utaratibu. Nasema moja, anameza mate. Nasema mbili, anaweka kidevu sawa. Nasema tatu, nabonyeza. Hayo ni makubaliano kati ya waungwana wawili. Nimewahesabia maharusi, nimewahesabia watoto wenye homa, nimemhesabia diwani ambaye hajapata kumsubiri mtu yeyote maishani mwake, na wote walitulia. Namba Nne, nikisema moja, bado ni nukta juu ya paa la banda. Nikisema mbili, amenijaa kwenye lenzi mpaka naona mistari ya rangi tumboni mwa ndege. Nikisema tatu, kitufe ni changu na yeye ni wa wilaya nyingine. Ninachobaki nacho ni anga ya buluu, safi, tupu, yenye mkia wa moshi unaoishia pembeni mwa picha. Ninazo anga za kutosha kufungua duka.

Kinyozi jirani yangu ananishauri nibonyeze tu, nisihesabu. Huo ni ushauri wa mtu aliyezoea kushika vichwa vya watu bila kuwauliza. Kumpiga mtu picha bila kumhesabia ni sawa na kuingia chumbani kwake bila hodi, na mimi siwezi kumfanyia hivyo binti wa dada yangu. Nimejaribu kuhesabu kimoyomoyo. Nimejaribu kuanzia mbili. Kidole kinagoma, kinataka kusikia kwanza.

Niseme pia kwamba mpwa wangu ana historia, na jeshi lilipaswa kuichunguza kabla ya kumwajiri. Tangu utoto alikuwa akiondoka kwenye mbili. Katika albamu yetu, picha ya harusi ya kaka yangu ina kiwiko chake. Ile ya siku alipoanza shule ina kisigino na nusu ya begi. Ile ya ndugu wote tumekaa mkekani ina nafasi wazi katikati, na watu wa kulia na wa kushoto wanaitazama nafasi hiyo kwa mshangao. Tulifurahi alipojiunga na jeshi, tukasema sasa atafundishwa kusimama. Badala yake mmempa injini.

2. Sauti ya ndege zako haitoki kwenye ndege.

Mimi nimelelewa. Nikiitwa, nageuka kumtazama aniitaye. Sasa ngurumo inatokea kulia, nageuka kulia na kamera yangu, kulia hakuna mtu. Ndege imeshapita kushoto na sauti yake inaifuata nyuma kama mzigo uliosahauliwa. Katika maisha ya kawaida, anayekuita kisha ukigeuka humwoni ni mtoto anayegonga mlango na kukimbia, na huyo husemwa kwa wazazi wake. Mimi nasema kwako. Ndege na sauti yake vifike pamoja, au sauti itangulie kidogo ili mtu ajiandae.

3. Mnawalazimisha watu wazima kukata viuno hadharani.

Pale uwanjani pana vijana wenye lenzi ndefu kama mabomba ya maji. Ndege ikija, wote kwa pamoja wanakita miguu yao chini na kuzungusha kiuno kuifuata, toka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, huku kamera zao zikikereza kama cherehani. Nilipofungua stuli yangu na kuitandika kitambaa, mmoja wao, binti mstaarabu tu, akaniambia, "Mzee, ukikaa hupati kitu. Ifuate na kiuno!" Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba mara ya mwisho kiuno changu kufuata kitu chochote ilikuwa kwenye harusi yangu, na kwamba hata siku ile kilichelewa. Nilijaribu. Nilipiga picha ya sikio la afisa wako wa itifaki, imetoka vizuri sana, na nipo tayari kumpelekea.

4. Namba Nne amewekwa nyuma kwenye moshi.

Mtangazaji wenu wa kipaza sauti husema kwa mbwembwe kwamba ndege nne za kwanza hukaa katika umbo la kishada, kile cha karatasi wanachorusha watoto, na Namba Nne hukaa nyuma kabisa, nyuma ya kiongozi, mahali pagumu kuliko pote. Watu hupiga makofi. Mimi sikupiga. Baada ya maonyesho nilikwenda mpaka kwenye kamba, ndege zikiwa zimeegeshwa, nikaona kwa macho yangu mkia wa ndege yake umeingia masizi ya wenzake wa mbele. Nyingine zinang'aa kama sufuria za bibi harusi, yake imekuwa ya kupikia. Nilipomweleza Mama aliuliza ni nani aliyemweka mjukuu wake nyuma ya moshi wa watu, na kama mtu huyo naye ana mama. Nakufikishia swali kama lilivyo.

Kwetu yeye ndiye mjukuu wa kwanza. Katika picha ya ukoo anakaa mstari wa mbele, katikati, miguu pamoja. Yaani angekaa, kama angekaa. Naomba mpangilio upitiwe upya na mtu anayejua kupanga watu, na mtu huyo namfahamu, ndiye anayekuandikia.

5. Kupindua ndege kichwa chini.

Hapa nitasema kidogo kwa sababu presha inanipanda. Niliwahi kukaribia kufanikiwa. Ncha ya bawa iliingia kwenye picha, na nikaambiwa na wale vijana kwamba wakati ule Namba Nne alikuwa kichwa chini. Hebu niambie picha hiyo naitundikaje. Nikiitundika sawa, mtoto kapinduka. Nikiipindua ili mtoto akae sawa, dunia inakuwa juu. Mke wangu alisema tuitundike hivyohivyo, wageni watainama. Haikusaidia.

6. Moshi.

Hili si lalamiko, ni pongezi, naliweka hapa ili usiseme nina chuki. Moshi wenu wa rangi ni kiumbe mwenye adabu. Unatoka, unatulia, unasubiri kuhesabiwa mpaka tatu na hata zaidi, unatawanyika taratibu. Laiti marubani wangechukua mfano kwake.

7. Kofia yenye kioo cheusi.

Hata mtu akibahatika kuipata ndege, ndani anaona nini? Yai jeusi. Nilimwendea askari wa getini kwa heshima zote nikamwomba afikishe ujumbe kwamba Namba Nne akipita juu ya stuli yangu ainue kioo kidogo na kugeukia upande wa kushoto, ambao ndio upande wake mzuri. Askari alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu," akasema, "siku ukimwona rubani anakuangalia wewe, wewe kimbia." Hayo si majibu ya ofisi ya umma.

8. Kinyozi.

Nilikuwa nimekusudia kutoliandika hili. Katika maonyesho ya mwisho nilikwenda na kinyozi, kwa kuwa yeye ana pikipiki. Wakati mimi nikiwa kwenye mbili, yeye, huku anatafuta mtandao, aliinua simu kwa mkono mmoja na kupiga picha moja. Ndege nzima. Pua, mabawa, mkia, jua limeipiga ubavuni, mpaka namba inasomeka. Ameikuza na kuitundika juu ya kioo chake, na sasa wateja wangu wa pasipoti wanapitia kwake kwanza kuishangaa, wengine wanasahau kuja kwangu na kurudi nyumbani wamenyolewa.

Nilimeza mate machungu, nikaiazima, nikaipeleka kwa Mama. Nilisema moyoni, heri aibu yangu kuliko ukuta kubaki na pengo. Mama aliisogeza mpaka puani, akaitazama, akaitazama tena. Akasema, "Ametulia mno huyu. Si wa kwetu." Tulipochunguza tukakuta kweli ni Namba Mbili. Kwa hiyo unaona, Mheshimiwa, kwamba huyu mama hadanganyiki, na kwamba mimi nina kazi.

Kutokana na hayo yote naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa upole wangu unavyopungua:

Ombi la kwanza: ndege zipunguze mwendo hadi ule wa gari la bwana harusi likikaribia ukumbini.

Ombi la pili: kama hilo ni gumu, nipewe kipaza sauti kilichounganishwa moja kwa moja na masikio ya marubani. Nitahesabu kwa sauti yangu ya kawaida, na kwenye tatu wote watulie walipo. Nimeelezwa na fundi wa redio kwamba ndege ya aina yenu ikisimama hewani inaanguka. Siombi isimame mchana kutwa. Naomba tatu tu, kisha iendelee na shughuli zake.

Ombi la tatu: kama nalo linashindikana, basi Ndege Namba Nne iletwe studio. Mlango nimeupima na hautoshi, lakini mabawa yanaweza kutangulia. Kinyozi alipoingiza kochi lake aliling'oa miguu na mpaka leo watu wanalikalia. Pazia la nyuma ninalo, la buluu lenye mawingu, na hakuna atakayejua tofauti.

Ombi la nne, na la mwisho: kama yote hayo yamekataliwa, mwondoe mpwa wangu angani. Mpe kazi ya kusimama. Mpe getini, mpe stoo, mpe popote ambapo mtu akihesabiwa mpaka tatu anakuwepo bado. Najua alivyoisotea hiyo ndege. Najua atalia, na dada yangu hatanisemesha mpaka mmoja wetu azikwe. Lakini ndege mtamrudishia mkitaka, na macho ya Mama hayarudishwi na mtu. Juzi alinyoosha kidole kwenye picha ya muuguzi akaniuliza yule mwalimu hajambo. Niliitikia kwamba hajambo. Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mtu mzima na akili zangu, nikalia. Nataka mwanamke yule auone ukuta wake umejaa. Kama gharama yake ni rubani mmoja, mnao wengine, nimewaona, wanapita kwa makundi.

Nategemea hatua za haraka. Nisalimie marubani wote, kuanzia kiongozi mpaka yule wa mwisho anayependa kupunga bawa. Nisalimie mafundi, na wapishi, ambao Mama bado anaamini mjukuu wake ni mwenzao. Msalimie mtangazaji, mwambie apunguze furaha. Nisalimie askari wa getini, mwambie sikukimbia. Mke wangu anakusalimu na anaomba usinifunge.

Ni mimi, nisiye na kinyongo ila na hasira,
Mpiga picha wa ukoo

Nakala: Kinyozi, ili aache kucheka.

Tanbihi: Mheshimiwa, bahasha nilikwisha kuifunga kwa gundi, nimeichana ili niongeze haya.

Jana jioni dada yangu alikuja kumtazama Mama. Akaniambia, "Kaka, mpelekee hata hizo zilizoharibika, angalau ajue ulikwenda." Nilichukua anga moja kutoka kwenye rundo, bila kuchagua. Buluu tupu, na mkia wa moshi mweupe unaopinda kuelekea pembeni na kukatika kwenye ukingo wa karatasi. Nilianza kueleza habari za mwendo, na sauti, na kiuno. Mama akaniambia ninyamaze. Akaisogeza picha dirishani. Akaweka kidole kwenye moshi, akaufuata taratibu mpaka ukingoni, na kidole hakikusimama hapo, kikatoka nje ya picha, kikapita juu ya shuka, kikaenda mpaka ukutani. Akacheka mpaka dada yangu akaingia kumwinua mgongo.

Akasema, "Huyu ndiye. Kashaondoka."

Imetundikwa katikati. Wageni wakiuliza ndege iko wapi, anawaambia wamechelewa. Muuguzi na mwalimu bado anawachanganya, lakini ile haichanganyi na yoyote, na asubuhi hii, kabla hajafumbua macho vizuri, ameinyooshea kidole bila kukosea.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote na maombi yangu yote, hasa lile la nne, nakusihi uyafute, uyachome, na kama mpwa wangu ameyasikia, mwambie yaliandikwa na kinyozi. Asipunguzwe mwendo. Asisimamishwe. Asihesabiwe na mtu yeyote.

Limebaki moja dogo. Mama anauliza kama huko juu kuna baridi, na kama mtoto huwa anavaa sweta.